Mwalimu Aliyetuletea Maswali

Mwalimu wetu alikuwa akiitaka kazi. Naanza na neno hilo kwa sababu sisi wanafunzi wake, tuliokaa miaka mbele ya ubao wake na kula chapati za mkewe, hatukulijua, na mimi nilipolijua nilikuwa nimeshamharibia. Kazi yenyewe ni hii ninayoifanya mimi: kutunga algoriti, yaani kuipangia kompyuta hatua za kutatua jambo, moja baada ya nyengine, mpaka jibu lipatikane bila ya kuchukua siku nzima. Mimi nimeipata kwa sababu yake. Wenzangu wengi wameipata kwa sababu yake. Yeye hakuipata, na mara ya mwisho alipoikosa, aliyekaa upande wa pili wa meza nilikuwa mimi.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake wanazo wenyewe kwao, sizitaki hapa. Nilimjua akiwa mtu mzima, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtanashati kupita kiasi. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingekata mkate. Alinukia udi hata siku za mvua. Ubao wake mweupe aliufunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, ghorofa ya juu ya nyumba yao Mkunazini, na upepo ukija ulikuwa ukigonga ukuta, naye huusubiri unyamaze kama anavyomsubiri mwanafunzi mtovu wa adabu. Kila Jumamosi asubuhi tulipanda ngazi zile, vijana waliomaliza chuo na waliokatiza, tukavua viatu na kukaa mkekani, kujifunza namna ya kuingia kwenye usaili wa kazi na kutoka nayo.

Hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua kwamba anajua. Kwenye karata ndiyo ilikuwa balaa, maana hakukubali kushindwa. Akishindwa husema karata hazikuchanganywa vyema, kisha huinuka, akachukua kalamu, na kutuonesha kwenye ubao namna ya kuchanganya karata ili kila mpangilio uwe na nafasi sawa ya kutokea. Tulicheka sana. Miezi baadaye mmoja wetu aliulizwa swali lile lile kwenye usaili Dar es Salaam, akalijibu kwa furaha kiasi cha kuwashangaza waliokuwa wakimsaili.

"Intavyuu si mtihani," alikuwa akisema. "Mtihani unataka jibu. Intavyuu inataka ikuone unavyolitafuta."

Mtu akitoka mkekani mbio kwenda kuandika, Mwalimu humzuia kwa mkono. Nakumbuka swali la kutafuta jina lililoandikwa mara mbili katika orodha ya waalikwa wa harusi. Niliinuka mimi.

"Umeuliza?" akaniambia.

"Niulize nini, Mwalimu?"

"Majina yamepangwa au hayakupangwa? Ni ya watu wa mtaa mmoja au ya Unguja nzima? Jina likijirudia ni mtu yule yule, au ni majina tu yamefanana? Hujui. Unakata kitambaa hujampima mtu."

Baada ya kuuliza, alitaka njia ya kijinga kwanza: chukua jina la mwanzo ulilinganishe na yote yaliyobaki, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka uchoke. "Ujinga unaofika ni bora kuliko werevu uliokwama njiani," alisema. Ukishalipata jibu kwa njia hiyo, ndipo unaeleza kwa nini ni ghali, yaani muda gani itakula orodha ikiwa ndefu. Halafu unaitafuta nafuu: weka pembeni majina uliyokwisha kuyaona, na kila jina jipya liulize kama limo. Unalipa kwa nafasi ya kuyahifadhia, unaokoa muda. Tukifika hapo tukidhani tumemaliza, yeye hukunja mikono na kuuliza, "Na orodha ikiwa tupu?" Kila mara. Tulimpa jina la Orodha Tupu kwa siri, na alilijua, na lilimpendeza.

Na ukipotea katikati ya swali, hakukupa jibu. Alikwambia tu, "Rudi mpaka ulipokuwa sawa, uanzie hapo." Alilisema kwa hesabu, alilisema kwa ndoa za watu.

Shida yetu kubwa haikuwa hesabu, ilikuwa malezi. Sisi tumelelewa kwamba mbele ya mkubwa husemi mpaka uwe na hakika, na mkubwa akikosea humkosoi hadharani, unamsitiri. Kwenye usaili wa kazi zetu mambo hayo mawili yanakuzika. Anayekusaili anataka kusikia mawazo yako yakiwa bado mabichi. Pengine hukupa dokezo baya makusudi ili aone kama utamfuata. Mwalimu aliazima mwiko wa mkewe jikoni, akasimama nyuma yetu, na tukinyamaza tu hugonga meza nao. "Sema! Msaili hapigi ramli!" Na akijifanya yeye ndiye msaili, akatupa dokezo la uongo, ole wako useme "naam." Alitaka umsahihishe palepale, kwa adabu, lakini palepale.

Jikoni mkewe hupaza sauti: "Mwalimu, mwiko wangu! Wali unaungua huku!"

Mtu huyo huyo nyumbani kwake alikuwa bubu. Mkewe alituambia siku moja, huku akitugawia chai, "Mie nnaishi na mtu hunambia kama alikuwa akiumwa, naye keshapoa. Anakufundisheni kusema yeye? Mganga hajigangi." Tukacheka, na Mwalimu akacheka na sisi, na mimi nikachukua chapati nyengine. Maneno yalikuwa yamesemwa mbele yangu, kwa Kiswahili, na sikuyasikia.

Lililomkera zaidi katika malezi yetu ni hili la kupita tu. Kwetu mtu mwenye haja haanzi na haja yake. Huja akasema amepita tu kukujulieni hali. Atakunywa chai, ataulizia watoto, ataulizia mguu wa mama, na akishasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, ndipo husema, "Ah, na lile jambo..." Mwenye nyumba naye alikuwa anajua tangu hodi ya kwanza. Ndiyo heshima ya pande zote mbili. Lakini mbele ya wasaili, Mwalimu alisema, ukipita tu, utapitwa.

Siku yangu ya kwanza alivaa tai, akakaa nyuma ya meza, akaniuliza, "Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Nikasema, "Niliona tangazo, nikasema nijaribu tu."

Aliinuka, akaufungua mlango wa ngazini. "Haya. Nenda kajaribu kwengine."

Nilisimama pale na machozi yakinilengalenga, wenzangu wote wakinitazama. Akaufunga mlango, akanirudisha kitini, akaniuliza tena, na tena, mpaka nikasema nikimtazama usoni: "Nnaitaka kazi hii." Ndipo akatabasamu. "Unaona? Hukufa."

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Kila tangazo la kazi ya algoriti lilipotoka, hapa kisiwani au Bara, Mwalimu alituma maombi. Tulimwona akishuka ngazi na tai yake, au akijifungia chumbani na kompyuta akisailiwa kwa mbali. Tukimuuliza anakwenda wapi alijibu vile vile siku zote: "Nnapita tu nkaone wanauliza nini."

Na sisi tukamsubiri barazani chini ya nyumba. Akitokea tu mwisho wa kichochoro tunapiga kelele, "Mwalimu, umetuletea nini?" Naye hukaa, akalegeza tai, akaanza kutupa. Wamemuuliza namna ya kupata njia fupi kwenye ramani yenye vizuizi. Wamempa picha yenye doa wakamwambia afikirie namna ya kulisafisha bila kuharibu sura ya mtu. Wamemuuliza habari za kete mbili zikirushwa na uwezekano wa namba zitakazotokea. Wamemtaka aeleze kazi moja aliyoifanya iliyomshinda, na wametaka kujua vijana wadogo wakimwongoza atajisikiaje. Hilo la mwisho alilisimulia kwa kuigiza sauti ya msaili, tukavunjika mbavu. Kisha akatufundisha namna ya kulijibu.

Hapana hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, "Mwalimu, umeipata?" Tuliamini kwa dhati kwamba anakwenda kwa ajili yetu, kama mtu anayetangulia kupima kina cha maji. Sisi watoto wa mji huu, ambao tangu tukiwa wadogo tunajua kwamba anayesema anapita tu hapiti tu! Mgeni angetuuliza maana ya maneno hayo tungemweleza kwa ufasaha. Kwa mtu tuliyempenda tukayachukua kama yalivyo, kwa sababu yalitufaa yakiwa vile.

Na mimi hasa. Kampuni ninayofanyia kazi hupanga njia za mizigo, hasa ya Mji Mkongwe, ambako gari haziingii na mzigo wa duka au hoteli huingia kwa mkokoteni. Mwalimu alikwenda kusailiwa pale kabla yangu. Jumamosi alituletea swali lao, tukalichambua mpaka likabaki mifupa. Wiki ile ile nikaitwa mimi, nikaulizwa lile lile, nikapewa kazi. Nilimpelekea halua. Alinipongeza kwa furaha isiyo na doa, akala kipande kimoja, akaniuliza, "Walikuuliza orodha tupu?"

Miaka imepita, mwaka huu kampuni ikatafuta mtunga algoriti mwengine, na mimi nikawa miongoni mwa wanaosaili. Tulikuwa wawili: mimi na mkuu wangu wa kazi, mtu wa Arusha, mpole lakini mwenye haraka. Ofisi yetu iko Amani, juu ya duka la vipuri. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu, shati lile, tai ile, udi ule.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Furaha iliyonijaa siwezi kuieleza. Nilitaka mkuu wangu ajue kwamba mambo yote anayonisifia yametoka kwa huyu. Mkuu akasimama, akampa mkono, akamkaribisha kiti, akaanza na swali tunaloanza nalo kwa wote: "Kwa nini unaitaka kazi hii, Mwalimu?"

Mwalimu aliweka mikono yote miwili juu ya meza, kama alivyotufundisha. Alivuta pumzi. Na kabla hajafungua kinywa mimi nikacheka.

"Bosi, usimsumbue na hilo. Huyu hataki kazi! Kaja kutuchukulia maswali akawape wanafunzi wake, ndo zake miaka yote. Sivyo, Mwalimu?"

Mkuu akacheka. Mwalimu akanitazama. Wakati ule nilidhani ni utani umemkolea. Sasa najua nilichokiona. Ili anisahihishe palepale, ilimbidi amwonyeshe mkuu wangu kwamba mfanyakazi wake hajui anachosema, na aseme mbele ya mwanafunzi wake, kwa kinywa chake, kwamba ana haja. Alitufundisha sote kulifanya hilo. Yeye alinisitiri.

"Naam," akasema. "Nnapita tu."

Basi tukamsaili kama tunavyomkirimu mgeni. Mkuu alimpa swali la mikokoteni, kupeleka mizigo mingi kwa njia zisizogongana, lakini alimpa huku ameegemea kiti. Mwalimu akauliza, "Vichochoro hivi vyote hupitika saa zote? Skuli zikitoka? Ijumaa watu wakitoka msikitini?" Mkuu akasema, "Tuchukulie vinapitika, Mwalimu, tusikuchoshe." Mwalimu akaichora njia nyepesi, sahihi, bila kosa, akaiweka kalamu chini polepole. Tukampa soda. Mkuu alimsindikiza mpaka ngazini, na mimi nikampungia mkono.

Siku ya kuamua, mkuu akaniambia, "Katika wote, mwalimu wako peke yake ndiye aliyeuliza kama vichochoro vinafungika. Hasara hana haja na kazi."

Pale palikuwa na nafasi. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja na kufikiri. "Eh, hana haja," nikajibu, nikaendelea na chai yangu. Mdomo huponza kichwa, wasema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, mara mbili.

Mkewe nilikutana naye Darajani, akichagua ndimu. Tukasalimiana, tukaulizana hali, nikaulizia magoti yake, akaulizia mama yangu. Tulipokuwa tunaagana ndipo akanishika mkono.

"Na lile jambo, mwanangu... Nyinyi huwa mnachukua muda gani kupiga simu? Maana Mwalimu simu haimtoki mkononi. Hata akenda kutawadha hunipa mie niishike."

Nikamuaga. Nilirudi moja kwa moja ofisini, nikamweleza mkuu wangu kila kitu, kwamba nilikosea, kwamba Mwalimu aliitaka kazi na anaitaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. "Mwenzake keshaanza kazi," akasema. "Nafasi ilikuwa moja. Ungenambia siku ile nlipokuuliza."

Nikenda Mkunazini baada ya alasiri. Mkewe alinifungulia, akarudi jikoni alikokuwa akitwanga viungo. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya ubao wake usio na kitu, amevaa kikoi na fulana. Sikuwahi kumwona bila shati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu. Kuna jipya?"

"Hapana, Mwalimu, nimepita tu kuku..." Nikakoma.

Aligeuza uso upande wa jikoni. "Bibi, niletee mwiko."

Mkewe aliuleta akicheka, akadhani ni mchezo wetu wa zamani. Mwalimu aliuweka mapajani, hakugonga kitu. "Anza tena," akaniambia.

"Nimekuja kutaka radhi."

Nikasema yote: nilivyocheka, nilivyomjibu mkuu wakati wa chai, mkewe sokoni, nafasi iliyokwisha kuchukuliwa. Nilisema kama alivyonifundisha, bila kunyamaza, mawazo yakitoka mabichi, na kila nilichokisema kilikuwa kibaya zaidi kikisikika kwa sauti. Mchi jikoni ulikuwa umeacha kutwanga. Mwalimu alisikiliza akiutazama ubao.

"Rudi mpaka ulipokuwa sawa," akasema.

Nilifikiri. "Bosi alipokuuliza kwa nini unaitaka kazi. Mpaka hapo nlikuwa sawa."

"Basi anzia hapo."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikavuta kiti, nikakaa upande wa pili wa meza yake. "Karibu, Mwalimu. Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Akapeleka mkono shingoni kuinyoosha tai ambayo hakuivaa. Akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Nnaitaka kazi hii kwa sababu njia hizi nshazifundisha mpaka nnaziota, na sijaiona hata moja ikitumika. Mikokoteni yenu hukwama hapa chini ya dirisha langu skuli zikitoka. Nnawasikia wachukuzi wakitukanana. Mie nnajua wapite wapi na saa ngapi, nshaipanga yote kichwani. Nnataka nkae dirishani hapa nione mkokoteni mmoja unakata kona kwa sababu mie nliuambia ukate. Ndo hilo tu."

Akanitazama akisubiri, mikono bado iko mezani, kama anavyosubiri kila mtu anayekaa kwenye kiti kile mbele yangu kule Amani, na mimi sikuwa na kazi ya kumpa.